Bastola ya Hewa au Kamba ya Mbwa?
Mazungumzo kwa wakazi wa sehemu za Kaunti ya Kajiado zinazopakana na wanyamapori

 

Mazungumzo ya leo yanahusu swali moja: mtu anayetembea na mbwa wake karibu na mbuga anunue bastola gani ya hewa ili aweze kufukuza fisi na wanyama wengine?

Jibu fupi ni kwamba asinunue yoyote. Lakini jibu fupi peke yake halimsaidii mtu aliyekwisha kukutana na fisi alfajiri. Anataka kujua kwa nini, na anataka kujua abebe nini badala yake. Hayo ndiyo yatakayoelezwa hapa.

Mkazi mmoja na mbwa wake

Chukueni mfano wa mkazi anayeishi pembezoni mwa Ongata Rongai, upande wa Mto Mbagathi. Hapewi jina kwa sababu anaweza kuwa jirani wa yeyote aliyeketi hapa. Anafanya kazi Nairobi. Ili awahi matatu kabla ya msongamano, huamka saa kumi usiku, na saa kumi na moja alfajiri humtoa mbwa wake kunyoosha miguu. Mbwa ni mkubwa, wa kulinda boma, na mchana kutwa huwa amefungiwa kibandani. Wakifika kwenye barabara ya vumbi isiyo na watu, mwenyewe humfungua kamba ili akimbie apendavyo.

Alfajiri moja mbwa anasimama ghafla, manyoya ya mgongo yamemsimama. Kando ya kichaka kuna macho mawili yanayong'aa kwenye mwanga wa simu. Mbwa anafyatuka kama mshale na kuingia kichakani. Inasikika purukushani, kisha mbwa anatoka mbio, mkia umeingia katikati ya miguu, na anakuja kujificha nyuma ya mwenyewe. Hatua chache nyuma yake yuko fisi.

Bahati ikawa yao. Muuza maziwa alitokea kwenye kona na pikipiki yake, taa imewaka na injini inanguruma. Fisi aligeuka, akapotea gizani. Mkazi yule alifika kazini akiwa bado anatetemeka. Alipomsimulia mwenzake, mwenzake alifungua simu na kumwonyesha picha ya bastola nyeusi inayometameta. "Hii haina baruti," akamwambia. "Ni ya hewa tu. Ukiwa nayo hakuna fisi atakayekusogelea."

Kuanzia siku hiyo, swali lake likawa ni aina gani anunue.

Bastola hizo hufanyaje kazi?

Bastola za hewa ziko za aina tatu kuu. Ya kwanza ni ya springi. Mtumiaji hukunja mtutu au hubana mkono wa pembeni kwa nguvu, springi inajikaza, na akifyatua, springi inasukuma hewa na hewa inasukuma kirisasi. Hufyatua mara moja tu, kisha kazi ya kuikaza huanza upya. Mtu anayekimbiliwa na mnyama, huku mkono mmoja umeshika mbwa, hawezi kuikaza mara ya pili.

Aina ya pili hutumia gesi ya kaboni dayoksaidi iliyofungwa katika chupa ndogo ya chuma, kwa kawaida ya gramu 12. Hii hufyatua mara nyingi mfululizo. Udhaifu wake ni baridi. Gesi ikipoa, msukumo wake hupungua, na baridi ya alfajiri ya vilima vya Ngong inajulikana na kila aliyewahi kuamka huko. Saa ambayo mkazi anaihitaji ndiyo saa ambayo bastola hiyo huwa dhaifu zaidi.

Aina ya tatu hujazwa hewa mapema kwa pampu maalum au mtungi wenye shinikizo kubwa. Ndiyo yenye nguvu na shabaha nzuri zaidi, ndiyo ghali zaidi, na wanaoitumia zaidi ni wanamichezo. Katika Michezo ya Olimpiki kuna shindano la bastola ya hewa, na wachezaji hulenga karatasi iliyo umbali wa mita 10. Karatasi haitembei, wala haina meno.

Zote tatu hurusha kirisasi kidogo cha madini, mara nyingi chenye upana wa milimita 4.5 na uzito wa karibu nusu gramu. Sasa tupime nguvu. Nchini Uingereza, bastola ya hewa inayozidi takriban jouli 8 haihesabiwi tena kuwa kifaa cha kawaida mbele ya sheria. Jouli 8 ni kiasi gani? Ni kama pakiti ya sukari ya kilo moja inapoanguka kutoka mezani hadi sakafuni. Nguvu yote ya bastola hiyo ni hiyo. Risasi ya bastola ya kawaida ya milimita 9 hutoka na jouli kama 500, yaani zaidi ya mara 60.

Upande wa pili kuna mnyama. Fisi madoa aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 45 hadi 70, na taya zake huvunja mfupa wa ng'ombe. Nyati dume huweza kupita kilo 700. Ndovu dume ni tani 5 au 6. Kirisasi cha nusu gramu hakiwezi kumzuia hata mmoja kati ya hao. Kinachoweza kufanya ni kumuumiza, na mnyama aliyeumizwa bila kuzuiliwa ni hatari kuliko yule aliyekuwa akipita njia yake.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Bastola ya hewa haina mlio mkubwa. Mnyama anayefukuzwa na bunduki ya askari hukimbia mshindo kabla ya jambo jingine lolote. Bastola ya hewa hutoa mlio mdogo, kisha uchungu. Mnyama anahisi maumivu asiyojua yametoka wapi, anatazama mbele, na anachokiona ni mtu na mbwa.

Pamoja na hayo yote, kirisasi hicho kidogo kina nguvu ya kutosha kumpofusha mtoto. Kikigonga jiwe hurudi, na barabara za huku zina mawe mengi. Alfajiri hupita watoto wa shule, wauza maziwa na walinzi wanaotoka zamu. Anayefyatua gizani hajui nani yuko nyuma ya kichaka.

Sheria inasemaje?

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa bastola ya hewa haina baruti, basi si silaha. Dhana hiyo inaweza kumfikisha mtu kortini. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inapoeleza maana ya silaha haisimamii kwenye baruti. Inazungumzia chombo chenye mtutu kinachoweza kuua na kurusha risasi au kitu kingine chochote. Inazungumzia pia vifaa vinavyopuliza kitu chenye madhara, na vifaa vinavyopiga shoti ya umeme yenye nguvu ya kumduwaza mtu au mnyama. Kwa hivyo hata anayefikiria kuagiza dawa ya pilipili ya kupuliza au kifaa cha shoti kupitia mtandaoni anapaswa kusimama kwanza.

Nchini Kenya, leseni za silaha hutolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Mkazi asijihukumie mwenyewe kwamba "hii ni ya hewa tu." Aulize bodi hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kifaa kikishanunuliwa nje ya nchi na kuzuiliwa forodhani, pesa zimekwenda na maelezo yanatakiwa.

Akumbuke pia kwamba bastola nyingi za hewa hutengenezwa zifanane kabisa na bastola halisi. Askari polisi wa doria akimwona mtu saa kumi na moja alfajiri ameshika bastola kandokando ya barabara, hana njia ya kujua kama ndani yake kuna hewa au baruti. Wala jirani hajui. Wala mwizi hajui, naye mwizi huenda ana bastola halisi.

Kuna sheria nyingine. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda wanyama hawa hata wakiwa nje ya mbuga, katika shamba la mtu binafsi au barabarani. Mtu anayetoka nyumbani na silaha kila asubuhi kwa nia ya kufyatulia wanyama hatasikilizwa kwa urahisi akisema alikuwa akitembeza mbwa.

Mafunzo kutoka Isinya

Wakazi wa Kajiado hawahitaji mfano wa mbali. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ina kilomita mraba 117. Imezungushiwa ua pande nyingine, lakini upande wa kusini, unaoelekea huku, uliachwa wazi ili wanyama waweze kutoka na kurudi katika nyanda za Athi na Kitengela kufuata majani na maji. Zamani nyanda hizo zilikuwa malisho matupu. Sasa ni vitongoji, shule, makanisa na vituo vya mafuta. Mnyama anapita njia ya babu zake, na mtu anapita barabara ya kwenda kazini. Njia hizo mbili zimekuwa moja.

Mnamo Machi 2016, simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka mbugani na kufika Isinya. Umati ulimzunguka. Simba aliyekuwa akitafuta pa kutokea alijikuta hana pa kutokea, akamjeruhi mtu mmoja, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi akafa. Siku hiyo hakuna aliyefaidika. Mtu aliumia, simba akafa, na kilichobaki ni funzo: mnyama aliyebanwa na kuudhiwa hupigana. Kirisasi cha bastola ya hewa hufanya kazi ile ile ya umati. Humuudhi mnyama bila kumwonyesha njia ya kuondoka.

Funzo la pili ni zito zaidi. Aprili 2025, msichana wa miaka 14 aliuawa na simba katika ranchi iliyo mpakani mwa mbuga hiyo hiyo. Hakuna mzazi anayehitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Inatajwa hapa ili isemwe wazi kwamba hofu ya wakazi si ya kubuni. Anayeuliza kuhusu bastola anataka kufika nyumbani salama, na anastahili jibu litakalomfikisha.

Ni nini hasa kilichomwokoa?

Turudi kwa mkazi wa Ongata Rongai. Ajiulize mambo mawili.

La kwanza, fisi alimfikiaje? Fisi hakuja kumtafuta. Aliletwa na mbwa. Mbwa aliyefunguliwa hufanya mambo mawili kwa asili yake: humfukuza anayemwona, na akizidiwa hurudi kwa mwenyewe. Anaporudi, haji peke yake. Mbwa akiwa kwenye kamba, yule fisi angebaki kichakani, naye mkazi angepita upande wa pili wa barabara.

La pili, ni nini kilichomwondoa fisi? Ni taa na kelele. Pikipiki ya maziwa haikumgusa. Ilimwangazia na kumngurumia, ikamwachia nafasi ya kuondoka, naye akaondoka.

Majibu hayo mawili yanatosha kumwonyesha cha kununua. Kwanza kamba, kisha taa, kisha kelele.

Cha kubeba

Kamba iwe imara, ya urefu usiozidi mita 2, na mkanda wa shingoni uwe umekaza kiasi kwamba mbwa hawezi kuchomoa kichwa. Kamba ishikwe mkononi. Isifungwe kiunoni wala kuzungushwa kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu nyati au ndovu akija kwa kasi, mtu anapaswa kuweza kuiachilia mara moja. Mbwa ana miguu minne na anaweza kujiokoa, na maisha ya mtu huja kwanza.

Tochi iwe tochi kweli, si mwanga wa simu. Iwe na mwanga unaofika mbali na betri iliyojazwa usiku uliotangulia. Watu wa Kajiado wanajua nguvu ya mwanga. Kijana Richard Turere, aliyekulia upande wa kusini wa mbuga ya Nairobi, alikuwa na umri wa miaka 11 alipobuni taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma la familia yake, ili simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Taa hizo zilimfikisha jukwaa la kimataifa la TED mwaka 2013, na wafugaji wengine wakaziiga.

Kelele itoke kwenye filimbi, vuvuzela au honi ndogo ya hewa kama zile za viwanjani. Ikiwa mkazi amekwisha kutenga pesa za kununua kitu cha hewa, basi honi ndiyo anunue. Ina sauti ambayo bastola haina, haihitaji shabaha, haimtoboi mtoto wa jirani jicho, na majirani wakiisikia wanajua kuna shida. Wakazi wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana kwamba milio mitatu ya filimbi maana yake ni "njooni na tochi." Makundi ya Nyumba Kumi yana nafasi nzuri ya kupanga jambo hilo.

Fimbo ndefu au rungu ni desturi ya huku na haihitaji maelezo. Humfanya mtu aonekane mkubwa na humweka mbali na meno. Lakini fimbo si ya kumfuata mnyama kichakani.

Wakati na njia

Kifaa bora kuliko vyote hakiuzwi dukani, nacho ni saa. Fisi, chui na simba hufanya shughuli zao nyingi usiku, magharibi na alfajiri. Mkazi anayemtoa mbwa jua likiwa limechomoza, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, ameondoa sehemu kubwa ya hatari bila kutumia senti. Ambaye kazi yake haimruhusu asubuhi amtoe jioni kabla ya saa kumi na mbili, au amwachie mtu mzima wa nyumbani kazi hiyo mchana. Mtoto asitumwe peke yake kutembeza mbwa alfajiri wala magharibi.

Njia iwe ile yenye watu na taa, si kando ya mto, korongo au kichaka kinene. Aepuke mahali panapotupwa taka na mabaki ya machinjio, kwa kuwa fisi huenda huko kula. Na asiingie na mbwa mbugani. Wanyama wa kufugwa nyumbani hawaruhusiwi katika mbuga za taifa.

Usiku, mbwa alale kwenye kibanda chenye paa na mlango. Chui huwinda mbwa, naye huruka ua ambao mwenye nyumba anauona mrefu.

Akikutana naye uso kwa uso

Akikutana na fisi, chui au simba, asikimbie. Kukimbia humwambia mnyama kwamba kilicho mbele yake ni kitoweo. Amvute mbwa karibu, asimame wima, asiiname, amuelekezee mnyama mwanga, apige kelele kwa sauti nzito, na arudi nyuma polepole akiwa bado anamtazama. Aache njia wazi upande mmoja ili mnyama apate pa kupita.

Kwa nyati na ndovu mambo ni tofauti. Hao hawafukuzwi kwa kelele ya mtu mmoja. Mbwa anayebweka humkera ndovu, na kwa ndovu mwenye mtoto huo ni uchokozi mkubwa. Akiwaona kwa mbali, ageuke kimyakimya, amnyamazishe mbwa na aondoke. Nyati akija, atafute mti wa kupanda, au gari, au nyumba.

Nyani dume ana meno marefu na anaweza kumuua mbwa. Mwenye mbwa asibebe chakula kinachoonekana, asimwache mbwa kufukuza kundi, wala asimbane nyani mahali asipoweza kutoka.

Baada ya tukio

Mnyama akionekana mara kwa mara mtaani, taarifa ipelekwe kituo cha karibu cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kila familia ihifadhi nambari ya kituo hicho kwenye simu mapema, kabla ya haja. KWS ndiyo yenye askari, mitego na madaktari wa kumhamisha mnyama.

Mtu akijeruhiwa, hospitali kwanza. Kisha taarifa ifike KWS na kituo cha polisi, apewe nambari ya OB, na ahifadhi karatasi zote za matibabu. Sheria ya mwaka 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, kwa kutegemea ukubwa wa jeraha. Madai hupitia kamati ya wanyamapori na fidia ya kaunti. Anayedai fidia ya mifugo au mali ajue kwamba sheria inataka awe amechukua hatua za kutosha kuilinda. Zizi bovu linaweza kumkosesha fidia.

Mbwa akiumwa na mnyama wa mwituni, iwe ni fisi au mbweha, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, kifo hakikwepeki, na karibu visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja kupata chanjo. Mbwa achanjwe kila mwaka, na cheti chake kihifadhiwe.

Chanjo ya mbwa huwafaa hata simba. Mwaka 1994, ugonjwa wa distempa uliua simba wapatao 1,000 katika Serengeti, karibu thuluthi moja ya simba wote wa huko, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa na ugonjwa huo.

Nani anawajibika kwa nini?

Mkazi akiambiwa abadilishe saa, anunue kamba na achanje mbwa, ana haki ya kuuliza na serikali nayo inafanya nini. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi hizo. Ulinzi wa wanyamapori ni wa serikali ya kitaifa, kupitia KWS. Kaunti imepewa udhibiti wa wanyama na leseni za mbwa, huduma za mifugo, uzoaji taka, machinjio na taa za barabarani.

Maana yake ni kwamba taka zinazovuta fisi karibu na njia ya shule, taa iliyozimika kwenye kona ya barabara, na mabaki yanayotupwa nyuma ya machinjio ni mambo ya kuripotiwa kwa ofisi ya msimamizi wa wadi na kuletwa kwenye vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Malalamiko yaandikwe, yatajwe mahali na tarehe, na nakala ibaki kwa aliyeyaandika. Barabara yenye taa humlinda mwenye mbwa, muuza maziwa na mtoto wa shule kwa pamoja. Bastola, hata kama ingefanya kazi, ingekuwa mfukoni mwa mtu mmoja.

Alichonunua mwishowe

Mkazi wa Ongata Rongai anaweza kumaliza hadithi yake hivi. Pesa za bastola hazikwenda kwa muuzaji wa mtandaoni. Alinunua kamba ya mita 2, tochi, filimbi mbili na honi moja, na zilizobaki akamchanjia mbwa. Filimbi ya pili alimpa jirani wa mkono wa kushoto, ambaye naye hutoka mapema. Sasa mbwa hutembezwa saa kumi na mbili jioni kasorobo, kwenye barabara ya duka, kamba ikiwa mkononi. Jumamosi, jua likiwa juu, hupelekwa uwanjani kukimbia ndani ya ua.

Jioni nyingine mbwa husimama ghafla, akanyoosha masikio kuelekea mtoni. Mwenyewe hasubiri kujua kuna nini huko. Huivuta kamba, wakageuka, wakarudi nyumbani.

 Mkifika nyumbani, tazameni kamba ya mbwa kama bado ni nzima.